Uzio mfupi wa mbele ya nyumba: tuanze kwa kuutazama mchanga wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme neno juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo, lakini ambalo kila mwaka linawagharimu wakazi wengi wa Dar es Salaam fedha, maji na moyo: uchaguzi wa mimea ya kupanda iwe uzio mfupi mbele ya nyumba, mahali ambapo udongo ni mkavu. Naandika mwezi huu wa Februari kwa makusudi, kwa kuwa masika yamekaribia na mwenye nia ya kupanda bado ana wiki chache za kujitayarisha.

Mimi ni mkazi wa Kigamboni, na kiwanja changu ni kichanga kitupu, ule mchanga wa kijivu ambao ukiumwagia maji huyaoni tena kabla hujaiweka ndoo chini. Miaka minne iliyopita nilinunua miche 60 ya duranta, ile yenye majani ya rangi ya dhahabu, katika kitalu kimoja cha kando ya barabara, kwa sababu ilikuwa inang'aa ndani ya viriba vyake na muuzaji alinihakikishia kwamba haifi. Niliipanda Januari, jua likiwa kali kuliko wakati wowote wa mwaka, nikaimwagilia kidogo kidogo kila jioni kwa uaminifu. Mvua za masika zilipoanza, miche iliyokuwa hai ilikuwa 17, na hata hiyo ilikuwa imebaki vijiti vyenye majani machache yaliyoungua kingo. Muuzaji alikuwa ameizoesha maji ya bomba asubuhi na jioni chini ya kivuli cha wavu, nami nikaitoa huko na kuitupa juani, ndani ya mchanga, bila kuutayarisha mchanga wenyewe.

Tangu hapo nimekuwa nikitazama nyuzio za watu kila nipitapo, nikiuliza wenye nyumba, nikijaribu kwangu mita mbili mbili. Ninayoyaandika hapa yametokana na hayo.

Tumezoea kusema kwamba bustani za jiji hili zinauawa na ukosefu wa mvua. Kwa kweli Dar es Salaam hupata mvua inayozidi milimita 1,000 katika mwaka wa kawaida, sehemu kubwa ikinyesha wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na nyingine wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Mvua hiyo si haba. Ukavu wetu uko ardhini. Chembe za mchanga ni kubwa na nafasi kati yake ni pana, kwa hiyo maji hupita moja kwa moja kwenda chini, yakiondoka na mbolea njiani, na tabaka la juu ambamo mizizi michanga huishi hukauka siku chache baada ya mvua kubwa. Ndiyo maana bustani ya Mbagala inaweza kunyauka mwezi Juni, wakati majirani wa bondeni Msimbazi, wenye udongo mzito, bado wanalalamikia matope. Tena ukanda wa mbele ya nyumba una taabu zake za ziada: mafundi huacha hapo kifusi, mabaki ya saruji na chokaa, na joto la ukuta na la barabara hurudi juu ya mmea mchana kutwa. Saruji na chokaa hubadili hali ya udongo kiasi kwamba mimea kama haibiskasi na iksora hugeuka njano hata ukiitilia samadi kila mwezi. Anayeishi juu ya miamba ya matumbawe, kama sehemu za Msasani na Oysterbay, ana shida hiyo hiyo bila hata fundi kupita.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kitaluni, chimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, mwaga ndoo moja ya maji, na uangalie. Yakizama mara moja, uko katika hali yangu, na maneno yafuatayo yanakuhusu.

Mmea ninaoupendekeza kuliko mingine yote ni mhina, ule ule ambao majani yake husagwa yakapakwa maharusi mikononi na miguuni, na ambao wataalamu wa mimea huuita Lawsonia inermis. Nashangaa jinsi tulivyousahau. Ni mmea uliozoea nchi za joto na ukavu, kuanzia Afrika ya Kaskazini na Uarabuni hadi India, na katika mwambao wetu umekaa katika nyua za watu kwa vizazi vingi. Nyumba za zamani za Ilala, Magomeni na Kariakoo ambazo bado zina uwani wake, mara nyingi utaukuta kichaka kimoja nyuma ya jiko, hakimwagiliwi na mtu, na kila ikitokea harusi wanawake wa mtaa mzima wanakuja kuchuma. Sasa fikiria kichaka kinachochumwa namna hiyo kila mara na bado kinachipua: huo ndio mwenendo wa mmea wa uzio. Ukikatwa hauchukii, hutoa matawi mengine mengi zaidi, membamba na yaliyoshikana. Ukiachwa hupanda ukapita kimo cha mtu mara mbili, lakini ukikatiwa kila baada ya miezi miwili hukaa kwenye kimo cha kiuno bila shida. Majani yake ni madogo, hivyo hauonekani kuwa umenyongwa unapokatwa, tofauti na mmea wa majani mapana ambao kila jani lililopitiwa na mkasi hubaki na jeraha la kahawia. Matawi machache ukiyaacha yachanue, maua yake meupe yenye umanjano kidogo yana harufu ambayo jioni hufika mpaka barazani.

Sitaki kuusifu mpaka nidanganye. Mwaka wa kwanza mhina ni mwembamba na hautamaniki, na nadhani hiyo ndiyo sababu vitalu vingi haviuweki: mnunuzi anataka kitu kilichonona ndani ya kiriba. Kiangazi kikizidi hupukutisha sehemu ya majani yake, na mtu asiyeujua atadhani umekufa, kumbe mvua ya kwanza tu inaufufua. Matawi ya zamani huota ncha kali. Hauvumilii kusimama ndani ya maji, kwa hiyo wa mabondeni autafutie mahali pa juu. Upepo wa bahari wenye chumvi nao huunyong'onyesha. Nimeona hivyo kwenye nyumba zilizo karibu kabisa na ufuko, ambako upande unaotazama maji ulikuwa umekauka na upande wa nyumba ukiwa mzima.

Kwa nyumba hizo za karibu na ufuko, iwe Kunduchi, Mbezi au huku kwetu, bogenvilia ni chaguo bora. Inastahimili chumvi kuliko mhina, inapenda jua lisilo na kizuizi, na ina tabia moja ambayo watu wengi hawaijui na kwa kutoijua wanajinyima maua: ikipewa maji mengi na samadi nyingi hutoa majani matupu na machipukizi marefu, lakini ikibanwa kidogo na ukavu ndipo hufunika matawi yake kwa rangi. (Hiyo rangi yenyewe si ya petali, ni majani maalumu yaliyozunguka maua madogo meupe ya katikati.) Tatizo lake ni kwamba kwa asili ni mmea wa kutambaa na kupanda juu ya vingine, na una miiba ya kweli. Kuuweka katika kimo cha mita moja kunataka mkono wa kila mwezi, na asiye na mkono huo ataamka siku moja tawi limetoka njiani na kumkwaruza mtoto wa jirani usoni. Zipo aina fupi ambazo hazirefuki haraka; mtu akizipata, hata kwa bei ya juu kidogo, ataokoa jasho lake la miaka. Kwa vyovyote ipandwe ndani ya mpaka, walau nusu mita kutoka ukingo wa njia.

Pembeni mwa geti, mahali ambapo mbuzi na waendesha pikipiki hukata kona, nimepanda taji la miiba, mmea uliotoka Madagaska, ambao hufika kwenye goti au juu yake kidogo na kuchanua karibu mwaka mzima. Huo sijaumwagilia tangu ushike. Chini ya mwembe, ambako mhina na bogenvilia zote zilinishinda kwa sababu ya kivuli na mizizi ya mti, mkonge pori wa majani ya madoadoa umejaa vizuri na hauniombi chochote. Na katika miaka miwili ya mwanzo, mihina ilipokuwa bado imeachana, nilijaza nafasi za chini kwa vinka, yale maua ya waridi na meupe yanayojiotea mchangani kandokando ya nyumba zetu, ambayo nayo asili yake ni Madagaska na ambayo ndiyo chanzo cha dawa za kutibu saratani ya damu. Isipokuwa mtu asije akayatafuna kwa kudhani ni tiba ya nyumbani, maana mmea wenyewe ukiliwa ni sumu.

Sasa niseme juu ya mimea ambayo watu hunishauri kila siku, kwa kuwa ni kweli kwamba inastahimili ukavu, na bado naomba isipandwe mbele ya nyumba. Wa kwanza ni mnyaa. Hakuna uzio rahisi kuliko huo: unakata tawi, unachomeka, unaondoka. Huko bara umezunguka mazizi na mashamba tangu zamani, na inasemekana hata jina la Manyara limetokana na neno la Kimaasai la mmea huu. Lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huleta maumivu makali na unaweza kudhuru uwezo wa kuona, na uzio mfupi wa kando ya njia ni uzio ambao watoto watokao shule huvunja vijiti vyake wakipita. Shambani, sawa. Mtaani kwetu, hapana. Mbono nao, ule ambao wengi huuita mbono kaburi kwa sababu hupandwa makaburini, una mbegu zenye sumu ambazo mtoto anaweza kuzidhania ni karanga, tena hupukutisha majani yote wakati wa ukavu, wakati ule ule ambao mtu anataka kuona kijani. Duranta iliyonishinda mimi, hata ikimkubali mwingine mwenye udongo mzuri, ina matunda ya manjano yenye kuvutia na yenye sumu. Lantana huenezwa na ndege mpaka kwenye mapori na malisho na huwadhuru mifugo. Hiyo tusiipande kabisa, iwe mbele au nyuma.

Michongoma ninaiheshimu, na naijua kwamba ndiyo iliyolinda viwanja vingi vya shule tulizosoma, ingawa jina hilo hupewa zaidi ya mmea mmoja wa miiba. Kwa mpaka wa kiwanja kikubwa haina mpinzani. Kwa uzio wa kimo cha kiuno, unaotaka kukatiwa karibu karibu na kupitwa na watu, miiba yake ni mirefu mno.

Hata hivyo, kuchagua ni nusu tu ya kazi, kwa sababu mhina wenyewe ukichomekwa kwenye mchanga mtupu mwezi wa Januari utakufa kama duranta yangu. Mwezi huu wa Februari ndio wa kuchimba. Usichimbe mashimo ya mmoja mmoja. Chimba mtaro mmoja mfululizo, wenye kina cha nusu mita na upana wa sentimita 40, uondoe kifusi chote utakachokuta. Chini kabisa panga makumbi ya nazi, matumbo yake yakitazama juu kama vikombe, baada ya kuyaloweka usiku kucha. Hilo ndilo jambo moja ambalo ningependa kila msomaji wa barua hii alishike. Makumbi hunyonya maji kama sifongo na kuyatoa polepole mizizi inapoyahitaji, nayo huchukua miaka kuoza. Wakulima wa minazi wa India na Sri Lanka hufukia makumbi mashambani kwa sababu hiyo hiyo, ilhali sisi, wenye wauza madafu na wakuna nazi kila kona, tunayachoma au kuyaacha yatuame maji na kuzaa mbu. Mimi hupewa bure; hulipia toroli tu. Juu ya makumbi rudisha mchanga uliochanganywa na samadi ya ng'ombe iliyoiva, ile isiyonuka tena, kiasi cha ndoo moja ya samadi kwa ndoo mbili za mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuwaita mchwa.

Kisha subiri. Mvua za masika zikishika, si ile ya siku moja ya mwanzo inayotudanganya, ndipo upande, mche mmoja kila sentimita 40. Miche ya kitalu ichunguzwe mizizi: ikiwa imejizungusha ndani ya kiriba, ikate kwa kisu pande mbili, la sivyo itaendelea kujizungusha hata ardhini na mmea utadumaa. Vipandikizi vya mhina hukatwa kwenye tawi lililokomaa, unene wa penseli na urefu wa shubiri moja, vikaanzia kwenye viriba kivulini. Usitegemee vyote vishike. Andaa mara mbili ya mahitaji yako. Mwisho tandaza nyasi kavu au majani juu ya mtaro, unene wa vidole vinne, yasiguse mashina.

Kuhusu maji, nasisitiza kinyume cha desturi yetu. Kunyunyiza kidogo kila jioni hulowesha sentimita chache za juu, mizizi hukaa huko huko juu ikifuata maji, na siku bomba likikatika ndiyo mwisho wake. Afadhali kumwagilia mara moja kila baada ya siku tatu au nne, lita nne kwa kila mche, polepole mpaka yafike kwenye makumbi. Uzio wa mita 12 wenye miche 30 utataka lita 120, yaani madumu sita ya lita 20, mara mbili kwa wiki, na hiyo ni kwa kiangazi cha kwanza tu. Mwaka wa pili mhina wangu uliomba maji mara chache sana. Anayekumbuka mwisho wa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia katika mgao, atakubali kwamba uzio unaotaka maji kila siku si mali ya kudumu. Maji ya suuza ya nguo yanafaa kwa mimea hii ikiwa hayana dawa ya kung'arishia nguo. Maji ya visima vyenye chumvi, ambavyo ni vingi kandokando ya pwani, yatumike kwa tahadhari, na mvua inyeshapo iachwe isafishe udongo.

Kukata nako kunaanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuuachia mche ufike kimo kinachotakiwa ndipo ukatwe kichwa. Matokeo yake ni uzio wenye nywele juu na miguu mitupu chini, ambapo kuku na mbwa hupita watakavyo. Mche ukifika sentimita 30, kata theluthi yake ya juu, ingawa mkono utasita. Utatoa matawi chini. Rudia ukifika goti, na tangu hapo hakikisha upande wa chini ni mpana kuliko wa juu, ili jua lifike mpaka shinani.

Majirani zangu wawili wamekataa uzio wa mimea kwa hofu ya nyoka, na hofu hiyo siidharau. Nyoka hufuata panya na chura, na panya hufuata takataka na vichaka vilivyofumbana chini. Uzio wa kiunoni unaokatiwa, ambao shina lake limefagiliwa na mtu anaweza kuona kutoka upande mmoja hadi wa pili, haumpi panya pa kujificha. Zaidi ya hapo, uzio mfupi huacha upepo wa kusi upite mpaka dirishani, humwezesha dereva anayetoka getini kumwona mtoto anayepita, na mwenye nyumba akikaa barazani anaamkiwa na kuitikia. Ukuta wa tofali wa mita mbili na nusu hauwezi hata moja kati ya hayo.

Kwa wenye vitalu nina ombi. Wekeni mihina, hata viriba 20 tu mbele ya meza, na mwambieni mnunuzi ukweli juu ya udongo ambao kila mche unautaka, kabla hajalipa. Mteja ambaye miche yake imeshika atarudi kununua mingine, lakini mimi kwa duranta sijarudi tena.

Kwangu bado zimesalia mita tano za upande wa mashariki. Mtaro umeshachimbwa, makumbi yamo kwenye pipa yanaloweka, na vipandikizi 26 vimeanza kutoa majani chini ya mwembe. Nasubiri mvua.

Wako katika ujenzi wa jiji,
Mkazi wa Kigamboni,
Dar es Salaam